Kungoja Nako ni Kazi

Tarehe 1 Julai, 2025, darubini iliyoko nchini Chile iligundua nyota-mkia ambayo haikuzaliwa katika mfumo wa jua letu. Iliitwa 3I/ATLAS, ikiwa ya tatu ya namna hiyo kujulikana. Ya kwanza, 'Oumuamua, ilionekana Oktoba 2017, ikiwa imekwisha kulipita jua na inaondoka. Ya pili iligunduliwa na Gennadiy Borisov huko Crimea, Agosti 2019.

Wageni hawa hawapigi hodi, wala hawarudi. 3I/ATLAS iliingia kwa mwendo wa kilometa 58 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya mwendo wa Voyager 1, chombo cha binadamu kilichofika mbali kuliko vyote. Kuunda chombo huchukua miaka, na mgeni hupita kwa miezi. Anayeanza kuunda siku ya kumwona mgeni ataambulia vumbi.

Ndiyo maana Shirika la Anga la Ulaya, likishirikiana na Japani, linaandaa Comet Interceptor, chombo kinachotazamiwa kurushwa karibu na mwaka 2029. Kitapelekwa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani na kukaa huko kikingoja, mfano wa kikosi cha akiba. Ikitokea nyota-mkia inayolikaribia jua kwa mara ya kwanza, au kwa bahati mgeni kutoka jua jingine, kitatoka lindoni na kugawanyika sehemu tatu ili kumtazama pande mbalimbali.

Wapo watakaouliza: ya nini kugharimia chombo cha kukaa bure? Askari na polisi wanalijua swali hilo, maana huulizwa juu yao kila penye amani. Jibu lilipatikana mwanzoni mwa Oktoba 2025, 3I/ATLAS ilipopita kilometa milioni 30 hivi kutoka sayari ya Mirihi. Vyombo vya Ulaya, Marekani na China vilivyokuwa vikiizunguka sayari hiyo kwa kazi nyingine viligeuzwa vikaitazama. Havikuifukuza. Viliikuta vikiwa zamuni.

Sisi wa Gisenyi tunalo somo la karibu zaidi. Jioni ya tarehe 22 Mei, 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka, na usiku uleule maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kuja kwetu. Siku zilizofuata matetemeko yalipasua nyumba za Rubavu. Usiku kama ule si wakati wa kuulizana gari liko wapi na nani yuko zamu.

Wahenga walisema ngoja-ngoja huumiza matumbo. Lakini kungoja kwa aliyejiandaa si ngoja-ngoja. Vile vyombo vya Mirihi vilikuwa vikifanya kazi kila siku, ndiyo sababu vilifaa siku ya mgeni. Basi askari wa lindo asijihesabu kuwa hana kazi, wala mkuu wake asimwache akae bila mazoezi. Na mwenye kupanga fedha asiyaite matayarisho hasara kwa kuwa tu mwaka umepita salama.