Mgema, Sifa na Bastola

Wahenga walituachia methali isemayo, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Aghalabu tunaifundisha kuwa onyo kwa msifiwa, asije akalewa sifa. Mimi naona ndani yake mna onyo la pili, linalomhusu mwenye kusifu: anayenunua kwa sifa bila kuonja ndiye atakayekunywa maji huku akiapa kwamba ni tembo. Leo napenda tuipime methali hii kwa bidhaa ambayo kasoro yake haiishii katika hasara ya fedha, nayo ni bastola.

Mifano yangu naitoa Marekani, kwa kuwa huko haki ya raia kumiliki silaha imo katika katiba, na majina ya watengenezaji hushabikiwa kama timu za kandanda. Mmoja huapa kwa Glock, mwingine kwa Colt, wa tatu kwa Beretta. Wengi wao wana sababu nzuri. Lakini ushabiki una tabia ya kudumu hata baada ya sababu zake kwisha.

Tuanze na jina lililostahili sifa. Mwaka 1911 jeshi la Marekani liliikubali bastola ya Colt iliyobuniwa na John Browning. Katika majaribio ilifyatua risasi 6,000, na ilipopata moto ilipozwa kwa kutumbukizwa majini, kisha ikaendelea kufyatua. Ilitumika kama bastola rasmi ya jeshi hilo hadi mwaka 1985, Beretta ilipochukua nafasi yake. Heshima hiyo ilipatikana uwanjani, wala haikutokana na matangazo. Hata hivyo, jaribio la mwaka 1911 halisemi lolote kuhusu bastola iliyotoka kiwandani juzi kwa umbo lilelile. Jina ni cheti cha mtihani wa jana. Bastola iliyo mkononi mwako leo bado haijafanya mtihani wake.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mnamo Januari 2017 jeshi hilohilo lilitangaza kwamba limechagua bastola ya SIG Sauer, iliyotokana na aina ya P320, badala ya Beretta. Sifa gani kwa kampuni ingeizidi hiyo? Lakini mwezi Agosti mwaka huohuo, baada ya watu kuziangusha kwa makusudi bastola za P320 zilizouzwa kwa raia na kuonyesha kuwa zikianguka kwa pembe fulani zaweza kufyatuka zenyewe, kampuni ilitangaza mpango wa kuwabadilishia wateja baadhi ya vipuri. Kasoro hiyo haikufichuliwa na wapenzi wa jina. Ilifichuliwa na wale waliothubutu kulitilia shaka.

Je, ubora wa silaha wenyewe unatosha? Hapana, maana mkono nao una neno. Tarehe 11 Aprili 1986, katika mapambano ya risasi mjini Miami, maofisa wawili wa FBI waliuawa na watano wakajeruhiwa. Idara hiyo ililaumu, pamoja na mambo mengine, udhaifu wa risasi zake, ikageukia risasi kubwa za milimita 10. Nguvu yake ya kurudi nyuma iliwasumbua wafyatuaji wengi. Ikahamia risasi ya .40, na mwaka 2014 kitengo chake cha mafunzo kikapendekeza kurudi kwenye milimita 9. Sababu mojawapo ilikuwa nyepesi kueleweka: maofisa wengi walilenga kwa usahihi zaidi na kwa haraka zaidi kwa risasi hiyo ndogo. Karibu miaka thelathini ilipita kabla ya shabaha kupewa uzito uliokuwa ukipewa ukubwa.

Hapo ndipo mafunzo ya vitendo yanapoizidi sifa. Uwanjani mtu hugundua kama kidole chake kinaifikia triga bila kujinyoosha, na kama anaweza kutoa magazini gizani. Hugundua pia kwamba kifundo cha mkono kikilegea, bastola nyingi zinazojipakia zenyewe huweza kukwama, hata iwe ya jina gani. Na kabla ya yote hujifunza kanuni ambazo hakuna kiwanda kinachoziuza: ihesabu kila bastola kuwa ina risasi, usiielekeze kwa usichokusudia kukipiga, weka kidole mbali na triga hadi umeamua kufyatua, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Kwa bahati mbaya, zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani humruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, hivyo bila kulazimika kuonyesha kwamba amefunzwa. Sheria ikinyamaza, mnunuzi hubaki na dhamiri yake pamoja na tangazo alilolisoma. Na risasi iliyokosa shabaha haiulizi jina la aliyeitengeneza, humpata jirani.

Sisi hapa Uganda, kama majirani zetu wa Kenya na Tanzania, tuna sheria zinazodai kibali kwa mwenye silaha, nami simshauri mwanafunzi yeyote kuitamani. Lakini bastola iliyo kiunoni mwa askari hununuliwa kwa kodi zetu. Raia ana haki ya kuuliza: Ilijaribiwa kabla ya kununuliwa, au lilinunuliwa jina? Askari huyu hufyatua risasi ngapi za mazoezi kwa mwaka? Nani huipima shabaha yake, na akishindwa huchukuliwa hatua gani?

Kwa miaka mingi Kiswahili kilidharauliwa nchini mwetu kwa kuitwa lugha ya askari na bunduki. Ninyi mnaojifunza leo mnaweza kuigeuza dharau hiyo kuwa faida. Ikiwa ndiyo lugha iliyotumika kutuamuru, basi na iwe lugha ya kuuliza maswali hayo kwa adabu, kwa ufasaha, na bila kuchoka hadi yajibiwe.