Ulilipia Kuingia, Msitu Hukuununua

Jumapili iliyopita nilimkuta baba mzima, viatu vya mbio vya bei mbaya miguuni, akimrushia kima njugu huku mwanawe akipiga picha. Kibao cha kukataza kulisha wanyama kilikuwa hatua tano nyuma yake. Nilipomwonyesha, alinikata jicho: "Nimelipa pale langoni."

Umelipia nini, ndugu yangu? Kuingia tu. Karura, msitu huu wa Nairobi, haiuzwi.

Na walishajaribu kuiuza! Miaka ya 1990 wakubwa waligawiana vipande vyake kimyakimya ili wajenge majumba. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wakaingia na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 wanaume wa kukodiwa wakawavamia, wakampasua Wangari kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, akaitia sahihi kwa damu iliyokuwa ikimchuruzika. Kwa damu! Leo wewe hutaki hata kusoma kibao.

Zaidi ya hekta 1,000 unazozipiga mbio asubuhi na vipokea sauti masikioni, juzi tu zilikuwa mahali pa kukabia watu na kutupia maiti. Majirani walijiunga na Shirika la Huduma za Misitu, wakachangisha fedha, ua wa umeme ukasimama, na vijana wa mitaa ya mabanda iliyo karibu wakafunzwa ulinzi. Utulivu huo una watu wanaouhangaikia kila siku.

Nawe unawalipa kwa njugu. Kima aliyezoeshwa kulishwa haombi tena, hupokonya. Kesho atamparura mtoto akigombania pakiti ya krispu, na ninyi ninyi ndio mtakaopiga kelele kwamba wanyama wamekuwa wakali. Jambazi huyo mmemlea wenyewe. Chupa za plastiki sizitaji sana: zimepigwa marufuku msituni tangu tarehe 5 Juni 2020, na anayeificha moja chini ya sweta anajua anachofanya.

Lakini wanaoniudhi kuliko wote ni mabingwa wa kupanda miti. Niliwahi kuwaona wakishuka kwenye basi, fulana mpya za rangi moja, nembo ya kampuni kifuani. Saa moja, picha, keki, kwaheri. Walipoondoka niliinama kwenye mche mmoja: ulikuwa umefukiwa pamoja na mfuko wake wa nailoni, mizizi imejikunja humo ndani kama mfungwa. Nikafukua wa pili, vilevile. Kumbe tulihudhuria mazishi!

Pembeni, mama mmoja wa kujitolea mwenye buti za mpira alikuwa akipambana na kichaka cha lantana. Gugu hilo la kigeni hufunika miche ya asili mpaka ikose mwanga, na ukilikata bila kung'oa shina lake, linachipuka tena. Mti kama muhugu hukua polepole mno. Kuutunza ni kurudi mwaka baada ya mwaka, kupalilia na kumwagilia pasipo kamera. Hakuna aliyempiga mama yule picha. Hakuna aliyemkumbuka hata kwa kipande cha keki.

Basi Jumamosi njoo na glavu, na maji kwenye chupa utakayorudi nayo. Mbwa mfunge kamba, spika iache kwenye gari. Na hizo njugu, kula mwenyewe.