Hamira ya profesa na shamba la artemisia

Mkazi wa Pasiansi, jijini Mwanza, akipimwa na kukutwa na malaria hupewa vidonge 24 vya dawa mseto ya ALu, dozi ya mtu mzima ya siku tatu. Wachache hujua kuwa dawa hiyo huanzia shambani. Moja ya viambato vyake hutokana na artemisini, inayopatikana kwenye majani ya artemisia, mmea wa China uliokuja kulimwa pia Arusha, Kenya na Uganda.

Nchi nyingi zilipohamia dawa mseto, Tanzania ikifanya hivyo mwaka 2006, mahitaji yalipanda ghafla. Mwaka 2005 kilo moja ya artemisini ilizidi dola 1,000 za Marekani. Wakulima wakaikimbilia. Kufikia 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 200.

Wakati huo huo mshindani mwingine alikuwa maabara. Jay Keasling, mtoto wa mkulima wa Nebraska, Marekani, alisomea kemia na baiolojia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1991 na kuanza kufundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1992. Yeye na wenzake waliingiza vinasaba vya artemisia ndani ya hamira, hadi ikatoa asidi inayoweza kugeuzwa kuwa artemisini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza uzalishaji mkubwa nchini Italia.

Wengi walidhani mwisho wa mkulima umefika. Haikuwa hivyo. Artemisini ya hamira iliuzwa dola 350 hadi 400 kwa kilo bila faida, huku ya shambani ikishuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 Sanofi haikuzalisha hata kilo moja, kisha ikaamua kuuza kiwanda.

Hata hivyo, ushindi huo si wa kushangilia. Bei iliyoiangusha hamira ndiyo hiyo hiyo iliyomuumiza mkulima.

Somo liko wazi. Zao lenye matumizi mamoja na wanunuzi wachache halifai kupandwa kwa kusikia tu kuwa jirani amepata. Mkulima adai kwanza mkataba wa maandishi unaotaja bei ya chini kabisa, na asing'oe mahindi na mihogo yote kulipisha zao hilo. Hili linamhusu pia mkulima wa vanila wa Kagera, kwani harufu ya vanila nayo hutengenezwa viwandani.

Kwa upande wao, maofisa ugani na vyuo vikuu wana wajibu wa kufuatilia maabara za dunia na kumwonya mkulima mapema. Hamira ya bei nafuu zaidi inaweza kupatikana wakati wowote. Ikifika, imkute mkulima ana mkataba mkononi na chakula ghalani.