Ngoja Ngoja Inayowafungia Wanawake Nje ya Mbio za Baiskeli

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika vilabu vya baiskeli vya Uingereza na Marekani, ni vigumu kupata inayowadhuru zaidi wanawake wanaoanza kuliko ile isemayo kwamba mtu asiingie mashindanoni mpaka awe tayari. Imani hii hutolewa kama ushauri wa busara, mara nyingi na watu wenye nia njema, na hushika kasi mwezi wa Februari na Machi, msimu wa mbio za barabarani unapofunguliwa katika nchi za kaskazini na wanawake wa ridhaa, yaani wale wanaoshindana bila mshahara wala mkataba, wanapopima kama wajiandikishe au wasubiri majira ya joto. Huambiwa wafanye mazoezi kwanza, wajenge miguu na mapafu, kisha waje mwezi wa Juni wakiwa wamekamilika. Ushauri huo ni wa makosa kwa kila kipimo, kwa kuwa unapotosha asili ya mchezo, unawanyima wanagenzi darasa lao, na hatimaye unazifuta mbio zilezile ambazo wanawake hao wameambiwa wazisubiri.

Kosa la kwanza ni kuyachukulia mashindano ya baiskeli kuwa kipimo cha nguvu za mwili peke yake. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia sehemu kubwa kabisa ya jasho lake kuipasua hewa iliyo mbele yake, na nguvu inayohitajika kuishinda hewa hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kiasi kwamba anayetaka kuuongeza mwendo maradufu hulazimika kutoa nguvu mara nane. Anayejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake, kwa upande mwingine, hupunguziwa mzigo huo kwa robo, kwa theluthi, au hata zaidi akiwa katikati ya kundi kubwa. Ndiyo maana mwanamke mwenye miguu ya wastani anayejua kujikinga na upepo humaliza sambamba na mwenye miguu mizuri asiyejua, na mara nyingi humshinda katika mita 200 za mwisho, kwa kuwa wa pili amekwisha kuitumia akiba yake mbele ya kundi akiwakingia upepo watu wasiomlipa chochote. Maarifa hayo ya kukaa chini ya nusu mita kutoka gurudumu la mbele, bega likikaribia kugusana na bega, hayapatikani katika mazoezi ya peke yako wala juu ya baiskeli iliyofungwa sebuleni, hata yafanywe kwa miezi mingapi.

Ukweli huo huonekana wazi zaidi kwenye kona. Mbio nyingi za wanawake wa ridhaa mwanzoni mwa msimu ni za mizunguko, zinazoitwa kriteriamu, ambazo hukimbiwa kwenye njia fupi iliyofungwa isipite magari, aghalabu ya kilomita moja au mbili, kwa muda wa nusu saa hadi dakika 45 kwa daraja la chini. Kundi linapoifikia kona kali, walio mbele huingia bila kugusa breki: mikono imeshika sehemu ya chini ya usukani, pedali ya upande wa nje imekanyagwa hadi chini ili ile ya ndani isikwaruze lami, na macho yanatazama mahali pa kutokea, si gurudumu la jirani. Walio nyuma, wakiona msongamano, hufunga breki kidogo, na anayefuata hufunga zaidi, hata yule wa mwisho akakaribia kusimama, kisha akalazimika kuinuka juu ya pedali na kukimbiza kwa sekunde kadhaa ili kuliziba pengo lililofunguka. Baada ya mizunguko 20 yenye kona nne kila mmoja, aliyekaa nyuma huwa amekimbiza hivyo mara 80, ilhali aliyekaa nafasi ya kumi hakukimbiza hata nusu yake. Mwanagenzi anayeachwa na kundi katika mzunguko wa 15 hudhani kwamba ameshindwa na mapafu, akarudi nyumbani kuongeza kilomita za mazoezi, kumbe ameshindwa na mahali alipojiweka, jambo ambalo kilomita elfu za peke yake haziwezi kumfundisha.

Kutokana na hayo hujitokeza sababu ya kuupenda mwanzo wa msimu badala ya kuukwepa. Mwezi wa Machi karibu kila mshindani bado hajakamilika, kwani makocha wengi hupanga nguvu za wanariadha wao zifike kileleni miezi ya baadaye na huzitumia mbio za awali kama mazoezi tu, kwa hiyo tofauti kati ya mzoefu na mgeni huwa ndogo kuliko itakavyokuwa mwezi wa Julai. Aidha, mbio za mapema humwonyesha mshindani kile anachopaswa kukifanyia mazoezi. Mwanamke aliyepita majira yote ya baridi akiendesha kwa mwendo mmoja wa utulivu hugundua katika dakika kumi za kriteriamu kwamba mchezo unadai misukumo mifupi mikali inayorudiwa bila pumziko la kutosha, naye akiligundua hilo mapema huwa na miezi ya kulitafutia dawa. Aliyeambiwa asubiri hadi Juni huligundua msimu ukiwa nusu umekwisha, baada ya kujitesa kwa mazoezi ya mchezo mwingine.

Kanuni zenyewe za mashindano zinaikataa imani hii. Nchini Marekani washindani wa ridhaa hupangwa katika madaraja kuanzia la wanaoanza hadi la 1, ambalo linapakana na weledi. Nchini Uingereza ngazi huanzia daraja la 4, nayo hupanda hadi la 1 na kisha daraja la juu kabisa. Mtu hapandi ngazi hizo kwa kuonyesha kipimo cha maabara wala kwa barua ya kocha. Hupanda kwa rekodi ya mbio alizoingia na pointi alizokusanya. Mfumo uliojengwa hivyo unakiri kwamba utayari ni zao la kushindana, na kwamba daraja la mwisho liliwekwa kwa ajili ya wale ambao bado hawajawa tayari. Kumwambia mwanamke asiingie daraja la wanaoanza mpaka aache kuwa mtu anayeanza ni kumfungia mlango ambao haukujengwa kwa ajili ya mwingine yeyote.

Madhara makubwa zaidi, hata hivyo, yanaipata jamii nzima ya washindani. Wanaume nao huambiwa wasubiri, lakini wao ni wengi, hivyo hata nusu yao wakibaki nyumbani mbio za daraja lao hufanyika. Kwa wanawake, ambao katika mbio nyingi za mitaani hawafiki idadi ya kujaza madaraja yote, kukosekana kwa watu wachache kunatosha kumfanya mwandaaji aunganishe madaraja, akamweka anayeshindana kwa mara ya kwanza mstari mmoja na anayesubiri mkataba wa timu ya kulipwa. Katika mkusanyiko huo mgeni huachwa na kundi mapema, hatimaye huamini kwamba kweli hakuwa tayari, naye huwaonya wenzake wasifanye kosa alilofanya. Mwaka unaofuata wanaojiandikisha hupungua tena, na mwandaaji husema kwamba wanawake hawaupendi mchezo huu. Imani imejitengenezea ushahidi wake, kisha inausimamisha mahakamani kana kwamba ulitoka kwingine.

Kwamba kuunganishwa huko ni uamuzi wa watu, wala si sheria ya maumbile, kumethibitishwa hata katika kilele cha mchezo. Wanaume walio chini ya umri wa miaka 23 wamekuwa na mbio zao wenyewe katika Mashindano ya Dunia ya barabarani tangu mwaka 1996. Wanawake wa umri huo hawakuwa na taji lolote mpaka mwaka 2022, na hata hapo walipewa taji lililogombewa ndani ya mbio za wanawake wakubwa, ambamo msichana alilazimika kulifukuza kundi la weledi huku akihesabu nani kati ya waliomzunguka ni mpinzani wake halisi. Mbio zao za peke yao zilikuja Kigali, Septemba 2025, mashindano hayo yalipofanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Kwa hiyo miaka 29 ilipita kati ya nafasi ya kaka na nafasi ya dada, na kilichobadilika siku hiyo katika vilima vya Rwanda hakikuwa mapafu ya wanawake.

Historia ya mchezo huu imejaa subira ya namna hiyo waliyolazimishwa wanawake. Katika miaka ya 1890 walikuwapo madaktari wa Uingereza na Marekani waliotahadharisha kwamba kuendesha baiskeli kungewaharibu wanawake sura na afya. Mbio za dunia za barabarani za wanawake zilianza mwaka 1958 mjini Reims, Ufaransa, ambako Elsy Jacobs wa Luxembourg alishinda. Olimpiki ikasubiri mpaka mwaka 1984 huko Los Angeles, ambako wanawake walipewa takriban kilomita 79 na wanaume takriban kilomita 190. Miaka 40 baadaye, mjini Paris, wanawake walikimbia takriban kilomita 158. Kila mara umbali ulipoongezwa, walipatikana wa kuukimbia, na kila mara waliopinga walikuwa wamesema kwamba wakati haujafika.

Watetezi wa subira hujibu kwamba mabingwa ni watu wa kipekee, wala hawawezi kuwa kielelezo cha mwanamke wa kawaida. Hata hivyo mabingwa wawili wa Olimpiki wa karibuni walitoka katika safu hizihizi za ridhaa. Anna Kiesenhofer wa Austria, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya utafiti mjini Lausanne, alishinda dhahabu ya Tokyo mwaka 2021 bila mkataba wa timu yoyote ya kulipwa na kwa mazoezi aliyojipangia mwenyewe. Alichomoka tangu mwanzo wa mbio, akabaki peke yake kwa takriban kilomita 40 za mwisho, na kundi lililojaa majina makubwa lilipoteza hesabu ya waliokuwa mbele, hata Annemiek van Vleuten wa Uholanzi akavuka mstari akishangilia dhahabu ambayo mwingine alikuwa ameshaichukua. Kristen Faulkner wa Marekani, aliyeshinda mjini Paris mwaka 2024, alianza mchezo huu mwaka 2017 akiwa mtu mzima mwenye kazi ya fedha jijini New York, kupitia darasa la wanawake wanaoanza katika bustani ya Central Park. Mapafu ya mpiga makasia alikuwa nayo tangu chuoni. Kilichobaki, yaani kulisoma kundi na kujua sekunde ya kuliacha, alikipata barabarani miongoni mwa washindani wenzake. Laiti nguvu za mwili zingekuwa ndizo utayari, asingehitaji darasa hata moja.

Ipo hoja moja ya upinzani inayostahili heshima, nayo ni ya usalama. Kundi ni mahali pa hatari, kuanguka huvunja mifupa ya mtulinga, na mgeni anayeyumba huwaangusha wengine. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, inaiangusha imani inayodaiwa kuitetea, kwa sababu mgeni wa hatari zaidi ni yule aliyejenga miguu kwa mwaka mzima bila kujifunza kundi, ambaye sasa ana nguvu za kufika mbele na hana maarifa ya kupinda kona akiwa huko. Masharti ya haki ya kuingia ni machache na hayahusu nguvu: kuendesha kwa mstari ulionyooka, kunywa maji bila kuyumba, kufunga breki bila kushtua aliye nyuma, kuwa na kofia ngumu ya kichwani na baiskeli iliyokaguliwa. Hayo hufundishika katika asubuhi chache, na wapo waandaaji ambao tayari hutanguliza darasa la kona na la kundi kabla ya mbio, kisha huwaweka wazoefu ndani ya kundi la wanagenzi ili wawaelekeze wakiwa mwendoni.

Kuhusu aibu ya kuachwa na kundi, ambayo ndiyo hofu halisi iliyofichwa chini ya maneno mengi ya subira, inatosha kusema kwamba kuachwa ni sehemu ya kawaida ya mchezo huu katika kila daraja, na kwamba hata katika mbio kubwa za weledi wengi wanaoanza hawamalizi pamoja na mshindi. Klabu inayomfundisha mwanamke kuiogopa aibu hiyo imemfundisha kuuogopa mchezo wenyewe.

Wajibu basi unawaangukia watu wanaojulikana. Waandaaji wawawekee wanawake wanaoanza mbio zao peke yao tangu wiki ya kwanza ya msimu, na wazifanye hata wakijitokeza wanane, kwa kuwa wanane wa Machi wanaohudumiwa vizuri huwavuta wenzao kabla ya msimu kwisha. Vilabu viache kuuliza mwanamke ana nguvu kiasi gani na viulize nani atakwenda naye, atakaa gurudumu la nani, na nani atamweleza baadaye kilichotokea katika kila kona. Wazoefu waliokwisha kupanda madaraja wakumbuke kwamba kila mgeni wanayemrudisha nyumbani kwa ushauri wa subira ni mshindani mmoja aliyeondolewa katika mbio zao wenyewe za kesho. Na mwanamke mwenye baiskeli nzima, breki zinazoshika na ujuzi wa kwenda mstari ulionyooka, ajiandikishe kwa mbio za kwanza zitakazotangazwa karibu naye, kwa sababu utayari anaoambiwa autafute kwingine unapatikana humo.