Ulimi wa Mlaji

Leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo aghalabu hatulihesabu kuwa ni la dini, nalo ni yale tuyasemayo tunapoinuka mezani katika migahawa ya Dar es Salaam.

Jiji hili, tangu Sultan Majid alipoanza kulijenga katika miaka ya 1860, limekuwa la watu wa asili nyingi, na vyungu vyake vinalishuhudia hilo. Kariakoo mtu hupata kwa mama lishe ugali na kisamvu cha nazi, na hatua chache mbele akakuta pilau na mishkaki. Upanga hunywa ule mchuzi mzito wa viazi na bajia ambao ndugu zetu wa Unguja huuita urojo. Kisutu iko migahawa ya Wahindi isiyopika nyama kabisa, na familia za Kiislamu huipenda, kwani humo hakuna haja ya kuuliza ni nani aliyechinja.

Basi wasikilizeni walaji! Huyu husema wali wa mama lishe umekauka, yule husema biriani ya fulani si biriani bali ni wali uliotiwa rangi. Na ajabu (tusameheane kwa kulisema) ni kwamba anayegombana na mama lishe kwa udogo wa kipande cha samaki, ndiye huyohuyo alipaye mara kumi yake katika hoteli yenye kiyoyozi, akala kuku mkavu, akatoka akisifu.

Imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa na desturi ya kutoa kasoro za chakula. Kisichompendeza alikiacha, basi.

Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa mlaji ameamrishwa kunyamazia kila kitu. Ni Mtume huyohuyo (S.A.W.), kama alivyopokea Muslim, aliyepita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini, naye akamhoji mwenye mali kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona. Ladha, kwa hiyo, ni jambo moja na udanganyifu ni jingine. Mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, nyama ya jana kuuzwa kuwa ni ya leo, jiko moja kuchomewa kuku na kitimoto: hayo ni ya kusemwa. Lakini tuzingatie kwamba maneno yale aliambiwa mwenye nafaka mwenyewe, palepale, uso kwa uso.

Na hapo ndipo sisi tulipojikwaa. Tulikwenda na familia katika mgahawa mmoja, na mtoto wetu, ambaye siku hizo alikuwa akisoma kila kilichoandikwa, akakisoma cheti cha halali kilichotundikwa ukutani, akatuuliza mbona mwaka wake umekwisha. Hatukumwita mwenye mgahawa. Tulilipa, tukaondoka, na jioni ileile tukalisema barazani. Waliosikia wakawaambia wengine, na kila aliyepokea akaongeza lake, hata ikafika kwamba pale huuzwa kibudu.

Wiki kadhaa baadaye, tulipotoka katika sala ya Ijumaa, mwenye mgahawa alikuwa akitungoja penye viatu, bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na nakala ya cheti kipya, kilichotolewa kabla ya siku tuliyokula kwake. Kilikuwa hakijatiwa fremu tu. Hakulalamika. Alitutolea salamu, akatukaribisha tena kwa chakula cha mchana.

Tulikwenda siku ileile, na tumekwenda mara nyingi tangu hapo. Barazani nako tulirudi, tukamweleza kila tuliyemkumbuka, mmoja mmoja. Baadhi yao walicheka, wakafuatana nasi. Wengine walitujibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mpaka leo hawajakanyaga pale.