Rubani wa miaka 67

Wadau, huku Namawala mkulima wa mpunga hastaafu. Anaacha jembe mgongo ukikataa. Rubani yeye ana tarehe. Mwaka 2006 ICAO ilisogeza ukomo kutoka miaka 60 hadi 65 kwa safari za kimataifa za biashara. Anayerusha ndege peke yake akabaki na 60. Mwaka 2025 mashirika ya ndege, kupitia IATA, yakaomba 67, yakakataliwa. Naamini watarudi.

Mimi ningewakubalia, ila kwa sharti. Kuanzia miaka 60 rubani anapimwa afya kila miezi sita. Basi tuamini vipimo, siyo keki ya besdei! Na kiti cha pembeni kisikose mwenzake, maana moyo ukisimama haupigi hodi.

Najua vijana mtang'aka: wazee wamekalia viti! Kweli, kijana anamaliza chuo cha urubani na madeni, hana pa kupatia saa za kuruka. Lakini wa kubanwa ni mashirika. Mwaka 2020, korona ilipoingia, makubwa ya Marekani yaliwalipa marubani wengi wastaafu mapema, kisha yakalia uhaba. Anayetaka miaka miwili zaidi ya mzee aonyeshe kwanza kijana anayemfundisha leo, kwenye kiti kilekile cha pembeni.