Bei ya korosho huamuliwa kabla ya mnada

Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, walikataa kuuza. Minada ya kwanza ya msimu ilipofunguliwa, zabuni zilikuja chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, ilhali msimu uliotangulia kilo ilikuwa imegusa shilingi 4,000. Wanunuzi nao hawakutaka kupandisha. Rais John Magufuli akaingia kati. Kwanza alikutana na wanunuzi, kisha Novemba akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Magari ya jeshi yakapelekwa kusini kusomba mzigo. Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara wakapoteza nafasi zao.

Kununua kuliwezekana. Kazi ikawa kuuza.

Mpaka leo watu hulijadili tukio lile kisiasa. Wapo wanaosema mkulima aliokolewa na kundi dogo la wanunuzi waliozoea kuelewana bei pembeni, na shaka hiyo haikutoka hewani, kwa kuwa wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi ni wachache na wanafahamiana. Wapo wanaosema soko liliharibiwa. Pande zote mbili zinaipita kando hoja ya kibiashara: Watanzania walikuwa wakibishania bei, na mnunuzi alikuwa akihesabu siku.

Korosho ya Tanzania na Msumbiji huvunwa kuanzia Oktoba hadi karibu Januari. Ya Afrika Magharibi, yaani Ivory Coast, Ghana, Benin, Nigeria na Guinea-Bissau, huingia sokoni kuanzia Februari. Ivory Coast peke yake ndiyo inayoongoza duniani kwa korosho ghafi. Kwa hiyo viwanda vya Vietnam na India vinavyotaka mzigo mpya mwishoni mwa mwaka havina pengi pa kwenda zaidi ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya mkulima wa Tandahimba, Mtwara, na ina tarehe ya mwisho. Kila wiki ya Novemba na Desemba 2018 iliyopita katika mvutano iliisogeza Afrika Magharibi karibu na meza. Mnunuzi hakuhitaji kushinda hoja yoyote. Alihitaji kusubiri tu.

Januari 30, 2019, mzigo ukiwa umejaa maghalani, ukasainiwa mkataba jijini Dar es Salaam kati ya Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko na kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions. Tani 100,000 kwa takriban shilingi bilioni 418, karibu dola milioni 180. Ukigawanya, ni kama shilingi 4,180 kwa kilo. Serikali iliyonunua kwa 3,300 ilikuwa imempata mtu anayesema atalipa zaidi ya hapo, katika soko ambalo wazoefu wake walikuwa wamegoma kufika 3,300.

Fedha hazikuja, na miezi michache baadaye serikali ikauvunja mkataba ule. Wakati huo baadhi ya wakulima walikuwa bado wanasubiri malipo yao.

Mfanyabiashara mzoefu akiona bei kama ile huuliza kwanza maswali ambayo hayahusu bei. Huyu mnunuzi ana kiwanda wapi? Amenunua korosho kwa nani mwaka jana? Benki gani inamdhamini? Zana ya kujibu swali la mwisho ipo siku nyingi, ndiyo ile wafanyabiashara wanayoiita LC (letter of credit): benki ya mnunuzi inajifunga yenyewe kulipa, mradi muuzaji awasilishe nyaraka za usafirishaji kama zilivyoandikwa. Mnunuzi asiyeweza kuifungua hajanunua kitu, hata kama amesaini mbele ya kamera. Bei ya 3,300 iliyo na LC mkononi ina thamani zaidi kuliko 4,180 iliyo kwenye karatasi.

Serikali ileile, katika miaka ileile, ilishinda mazungumzo magumu zaidi. Machi 2017 ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, kisha ikaidai kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia kodi na faini za dola bilioni 190, kiasi ambacho hakuna kampuni ya dhahabu ingeweza kukilipa. Barrick, iliyokuwa na hisa nyingi Acacia, ililazimika kuja mezani yenyewe. Oktoba 2019 makubaliano yalitangazwa: dola milioni 300 za kumaliza mgogoro, hisa asilimia 16 kwa serikali ndani ya kampuni mpya ya Twiga, na mgawanyo wa nusu kwa nusu wa manufaa ya kiuchumi ya migodi.

Ubabe uliotumika ni uleule, matokeo tofauti. Mgodi wa Bulyanhulu au North Mara hauwezi kufungwa kwenye kontena ukapelekwa nchi nyingine. Fedha za Barrick zilikuwa zimezama ardhini Tanzania, na kila mwezi wa zuio uliiumiza yenyewe. Kwenye korosho mwenye kuumia kwa kuchelewa alikuwa Mtanzania. Aliyetoka kwenye sakata la makinikia akiamini kwamba mgeni akitishwa hunywea alijifunza somo la dhahabu na kulipeleka kwenye zao linalopoteza ubora likikaa ghalani.

Kenya ililipia kwa njia yake somo hilo la korosho, kwamba mnunuzi mwenye pengine pa kwenda halazimishwi. Julai 2021 iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo inayouzwa katika mnada wa Mombasa. Nia ilikuwa njema. Chai bora iliuzika, lakini ile ya daraja la chini ilibaki bila mnunuzi, kwa kuwa katika mnada huohuo zinauzwa pia chai za Uganda, Rwanda na nchi nyingine ambazo hazikuwa na kizuizi hicho. Kufikia 2024 shehena kubwa ilikuwa imelala maghalani, na bei ile ikaondolewa.

Kanuni hizi za muda na dhamana zinamhusu pia anayenunua nje. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou kwa kawaida huombwa asilimia 30 mwanzo na 70 kabla meli haijaondoka. Wengi hutumia jasho lao lote kupunguza senti kwenye bei ya kipande, kisha wanalipa ile 70 kwa kuangalia picha za simu. Kwa kweli ile 70 ndiyo silaha pekee waliyobaki nayo. Mfanyabiashara akimlipa mkaguzi wa kujitegemea aufungue mzigo kiwandani kabla ya kutuma salio, anapata nguvu ambayo hakuna maneno matamu yangempa. Vivyo hivyo kwa anayeuza: korosho hupimwa kwa paundi za kokwa zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na muuzaji asiye na kipimo chake kinachoaminika hukubali kipimo cha mnunuzi, wakati mwingine mzigo ukiwa umeshafika bandari ya ng'ambo na hauwezi kurudi.

Tangu 2024 minada ya korosho inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na msimu ule ulifunguliwa kwa bei ya zaidi ya shilingi 4,000. Wanasiasa waliusifu mfumo. Unastahili sifa kwa uwazi wake, kwani kila mtu anaona nani ametoa nini. Lakini mwaka huohuo mavuno ya Afrika Magharibi yalipungua na viwanda vya Vietnam vilikuwa na njaa ya mzigo. Kioo cha kompyuta hakiongezi njaa hiyo wala hakiipunguzi.

Mtihani wenyewe utakuja mwaka ambao Ivory Coast itavuna kwa wingi na wanunuzi watafika Mtwara bila haraka. Maandalizi ya mwaka huo hayawezi kufanywa Oktoba. Vyama vikuu vya ushirika vya wakulima kama TANECU na MAMCU vinahitaji kujua, kabla mnada wa kwanza haujaitishwa, Vietnam ilinunua korosho ya Afrika Magharibi kwa bei gani na ina akiba kiasi gani. Vinahitaji kuuza sehemu ya mavuno kwa mikataba ya mapema yenye dhamana ya benki, ili msimu usitegemee sanduku moja la zabuni. Na ubanguaji urudi kwenye mizani. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda 12 vya korosho kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, na vingi havikudumu. Kila tani inayobanguliwa Newala au Masasi ni tani ambayo mnunuzi wa ghafi hawezi kuisubiri mpaka Februari. Leo sehemu kubwa ya zao bado inaondoka na maganda yake, na bajeti ya kilimo ingefaa kupimwa kwanza kwa tani ngapi inaziondoa kwenye foleni ya korosho ghafi, kisha kwa bei iliyotangazwa siku ya mnada.